Branchi Haijaiva

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama, na kwamba mdogo wangu Wembe anakusomea taratibu, si kwa zile mbio anazonyolea vichwa vya wanafunzi wiki ya kufungua shule.

Mimi mzima. Kazini tumefika herufi B. Mwaka jana ulinicheka niliposema tumekaa miezi minne kwenye A, lakini ndivyo kamusi inavyotengenezwa. Kila neno lina kadi yake, ukubwa wa kiganja, na kila kadi ina mistari mitano: neno, maana, asili, mfano na shahidi. Shahidi ni karatasi. Gazeti, tangazo, barua, chochote kilichoandikwa na chenye tarehe. Mstari wa shahidi ukiwa mtupu, Mkuu wetu anairudisha kadi mezani kwako, na kurudishiwa kadi kunauma kuliko matusi. Chumba kizima ni droo za kadi, kutoka sakafuni hadi darini, na mimi na utu uzima wangu napanda ngazi kutafuta maneno.

Jana nimekutana na kadi ya "branchi". Hoteli za hapa mjini sasa zinaliandika kwenye matangazo yao, kwa hiyo limeingia kazini kwetu. Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni. Nilikumbuka Jumapili zetu. Mama alikuwa akifunga mapazia ya chumba chetu tulale hadi jua likomae, kama wageni wa hoteli. Nikiamka mapema nasikia sauti yako upande wa pili wa pazia: "Lala kidogo, mwanangu, branchi haijaiva." Saa tano tunaitwa. Kitambaa kimetandikwa, wewe umevaa kofia yako ndefu nyeupe, mayai, viazi, mkate umekatwa pembetatu. Wewe na Mama mnasimama kutuhudumia, mnasema mmeshaonja jikoni. Shuleni niliringa hadi wenzangu wakanichoka. Niliwaambia, kwetu Jumapili hatunywi chai na mkate kama ninyi, tunakula branchi.

Ulituambia neno hilo ulilitunga wewe mwenyewe, jikoni hotelini. Mstari wa asili kwenye kadi yangu bado mtupu. Nieleze basi: ilikuwa mwaka gani, nani alikuwepo, na kama kuna karatasi yoyote iliyobaki. Ukinipa hayo, nitakuwa mtu wa kwanza ofisini kuleta shahidi kutoka nyumbani kwao.

Binti yako.


19 Mei

Mama yangu,

Marahaba. Naandikiwa na mdogo wako, kama kawaida. Kwanza nimemwambia aninyoe, maana siwezi kutoa ushahidi na ndevu za wiki nzima.

Andika hivi kwenye kadi. Ilikuwa Jumapili. Wageni waliamka saa nne wanataka brekfasti, na Mpishi Mkuu alishafunga jiko la brekfasti, ndivyo sheria ilivyokuwa. Lanchi bado saa mbili mbele. Meneja anavuja jasho. Nikamwambia, bwana, hapa hakuna kesi, chukua kichwa cha brekfasti, chukua mkia wa lanchi, funga pamoja, weka mezani. Meneja akalisema lile neno mara mbili, taratibu, kama anaonja mchuzi, akaenda kuliandika kwenye ubao wa mlangoni. Hao wengine wote wanaolisema leo wamelitoa pale.

Mwaka siukumbuki, ila wewe ulikuwa na miaka minane na huyu anayeandika alikuwa bado anatambaa na kula mchanga. (Sikuwa nakula mchanga. Wembe.) Karatasi sina. Shahidi wangu ni ule ubao, na ubao ulifutwa siku hiyo hiyo jioni. Kwenye kitabu waambie waandike majina yangu yote matatu, kwa kuwa mtaani hapa tuko wawili wenye yale mawili ya mwanzo, na yule mwingine hajui hata kukaanga yai.

Baba yako.

Dada, shikamoo, hapa ni mimi mwenyewe. Amevaa koti kukuandikia, koti kabisa, na joto hili. Macho sasa yanaona mwanga tu, mlango na dirisha. Miguu inavimba. Daktari anasema moyo umechoka, tusimpe habari za kumshtua. Zaidi siandiki, maana anasikia kalamu inavyokwaruza na anajua kabisa nikiandika ya kwangu.


11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili. Bora usikie kutoka kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Nimetafuta asili ya branchi katika vitabu vikubwa vya maneno ya Kiingereza. Ni kweli limeungwa kwa brekfasti na lanchi, kama ulivyosema. Lakini lilikuwa limeshachapishwa huko Uingereza miaka zaidi ya ishirini kabla wewe hujazaliwa. Hata hoja ni ile ile yako, watu wanaochelewa kuamka Jumapili. Kwa hiyo neno halikutungwa jikoni kwenu, Baba, na siwezi kuandika jina lako kwenye kadi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutotia chumvi kabla ya kuonja. Ndiyo maana nimekwenda kuhakikisha, na ndiyo maana nakueleza bila kuzunguka. Sijui kwa nini ulituambia vile. Sikulaumu, ila ningependa kujua, maana nimelibeba neno hilo miaka mingi nikidhani ni letu.

Binti yako.


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako tumeipata na nimemsomea Baba. Amefurahi sana. Anakushukuru, anakuombea maisha marefu, na anauliza kitabu kitatoka lini ili atunze nguvu zake. Hapa hatujambo. Wateja wapo, umeme unakuja na kuondoka, mashine yangu nyeupe imeungua nimebaki na nyeusi.

Mdogo wako, Wembe.


12 Julai

Wembe,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nne. Amefurahi? Mtu anaambiwa jambo alilojisifia nusu ya maisha yake si lake, anafurahi na kuniombea maisha marefu?

Ulimsomea barua yote? Na hicho kitabu anachokisubiri, anakisubiri kwa ajili ya nini? Nijibu sawasawa. Nakujua tangu unakula mchanga.

Dada yako.


28 Julai

Dada,

Shikamoo. Haya, umenikamata.

Siku barua ilipofika Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, koti mwilini. Tangu atume ushahidi wake alikuwa akilivaa kila siku. Walikuwepo watu watano, mmoja nimeshamnyoa upande mmoja, upande wa pili bado kichaka. Baba akaniamuru nizime mashine. Akasema nisome kwa sauti, wasikie na wao.

Nikafungua. Macho yangu yakautangulia mdomo, Dada. Nililiona lile "halikutungwa" nikiwa bado kwenye shikamoo. Nikamtazama. Alikuwa ameinua kidevu, vile anavyoinua akinyolewa. Nikashindwa. Nikasoma mengine kabisa, yalikuja yenyewe. Nilisema Mkuu wenu alisimama kitini aliposikia. Nilisema majina yake yote matatu yatawekwa chini ya neno. Yule wa nusu kichwa aliinuka na shuka yake shingoni akampa mkono.

Basi tangu siku hiyo kila Jumapili saa tano anataka isomwe upya. Barua anaitunza mwenyewe, mfukoni mwa koti. Ananipa, naifungua, nasoma yasiyokuwemo, narudisha. Nimeanza kusahau nilichosema mwanzo, kwa hiyo naongeza. Watu wanakuja hata wasionyoa.

Najua wewe na uongo hamkai chumba kimoja. Lakini wewe hukai na mguu wake mapajani kila jioni ukiukanda. Ukitaka kunisuta njoo unisute, nitakaa kimya. Ila usimwandikie.

Wembe.


6 Agosti

Wembe,

Nimekasirika, utaona kwenye mwandiko.

Umemfanya Baba asimame mbele ya mtaa mzima na kitu ambacho si chake. Siku kamusi itakapotoka, yule mwenye nusu kichwa atakwenda kuinunua, atafungua B, hatakuta jina. Atamwambia nani? Atamwambia Baba, na atamwambia akicheka. Hukuliwaza hilo. Na maneno uliyoyasoma umeyaweka mdomoni mwangu. Mimi kwa Baba sijawahi kusema uongo hata mmoja, na sasa ninao mrefu wa ukurasa mzima ambao sikuuandika.

Nitachukua likizo mwezi ujao. Nitakuja, nitakaa karibu yake na kumwambia mwenyewe, kwa upole, nikimshika mkono. Wewe usiseme kitu mpaka nifike.

Dada yako.


20 Agosti

Mama yangu,

Mwandiko huu si wa mdogo wako. Ni wa mwalimu mstaafu, mteja wetu asiye na nywele za kunyolewa, ila huja kila Jumatano kwa ajili ya kiti na gazeti. Mdogo wako amekwenda kununua nyembe, na yeye akitoka husimama na kila mtu njiani, kwa hiyo tuna saa nzima.

Mwalimu amenisomea barua yako. Si leo. Ilikuwa siku ya nne tu baada ya kufika. Nilimwomba, kwa sababu mdogo wako alipoifungua alinyamaza mno, na mtu aliyepata habari njema hanyamazi vile. Leo amenisomea na hii ya pili uliyomwandikia mwenyewe, ile ya hasira. Aliiacha chini ya kioo, mimi ndiye niliyemwelekeza Mwalimu mahali ilipo. Nisamehewe.

Uliyoandika ni kweli. Neno nililikuta. Lilikuwa ubaoni siku niliyoanza kazi hotelini, na meneja ndiye aliyenieleza limeungwa vipi. Yale ya kichwa na mkia ni yangu, lakini nimeyatunga baadaye.

Uliuliza kwa nini. Hoteli ilifungwa ulipokuwa na miaka minane. Hukujua, na tulihakikisha hujui. Kila asubuhi nilitoka na kofia yangu kwenye mfuko, nikazunguka mji kutafuta jiko litakalonichukua, nikarudi jioni kama mtu aliyetoka kazini. Siku za wiki wewe ulipewa uji shuleni. Jumapili hakuna shule, na chakula kilikuwa cha mara moja. Mama yako ndiye aliyewaza mapazia, kwamba mtoto akiwa gizani hajui ni saa ngapi, na aliyelala haombi chai. Mimi nilileta kofia na lile jina. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nakwambia, "Lala kidogo, mwanangu, branchi haijaiva," na jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Siku moja ukaniuliza mezani, Baba, branchi nani kaitunga? Nikasema mimi. Siku ile sikuwa na kingine cha kukupa. Ukaenda kuringa nalo shuleni, nikashindwa kulirudisha. Ilikwenda hivyo miaka miwili, hadi nilipopata kazi kwenye jiko la hospitali.

Na hatukuonja jikoni, Mama. Hilo nalitaja kwa sababu umeliandika, na sitaki likae kwako likiwa na kosa.

Sasa mdogo wako. Yeye anadhani ananilinda. Kila Jumapili anasoma vizuri zaidi, wiki iliyopita ameniongezea picha yangu, ukurasa mzima, na kofia. Anasoma vizuri kuliko ulivyoandika, usikasirike. Mimi nilimfungia pazia alipokuwa hajui kusema, leo yeye ananifungia mimi. Mwache. Nasikia sauti yake inavyofurahi akifika pale pa majina matatu, nami nainua kidevu.

Njoo, lakini usije kunieleza ninachokijua mbele yake. Na usimwambie kwamba nilijua, hata nikifa. Hasa nikifa.

Baba yako, kwa mkono wa Mwalimu.


2 Septemba

Wembe,

Marahaba, na samahani. Nimebadili mawazo. Sitamwambia Baba chochote. Wewe endelea kusoma kama unavyosoma, na ukitaka kuongeza, ongeza.

Nimepata likizo. Nitafika Jumapili ya tarehe 21, basi linaingia saa nne. Mwambie Baba nakuja na mayai na mkate wangu mwenyewe. Saa tano tutakula branchi, na safari hii yeye ataketi, nitasimama mimi. Mwambie maneno hayo hayo, usiyarembe.

Dada yako.


14 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Umefika salama? Tangu uondoke sijafungua kazini ila mara mbili. Wateja wananielewa. Yule wa nusu kichwa alikuja akaketi kwenye benchi bila kusema anataka nini, akakaa hadi saa sita, akaenda zake. Mayai uliyokuja nayo niliwapa majirani. Nilishindwa kuyaangalia.

Kuna jambo sikuweza kukwambia siku zile za msiba, nyumba ikiwa imejaa watu na wewe umekaa na kanga ya marehemu Mama kichwani. Asubuhi ile nilikwenda kumwamsha Baba saa mbili nimwogeshe kabla hujafika. Akaniambia kwa sauti nzuri kabisa, niache nilale kidogo. Nikafunga pazia nikatoka. Nilikuwa nachemsha maji ya chai, naimba, Dada. Ulipogonga mlango saa nne na nusu ndipo nilipokwenda kumwita. Kama nisingefunga lile pazia, labda ningeona mapema. Hilo nalibeba, sijui nitalitua wapi.

Lingine ni barua. Nimeikuta mfukoni mwa koti, imelainika kama kitambaa. Nimeisoma sasa kama ulivyoiandika, yote, mara ya kwanza tangu siku ile. Si mbaya kama nilivyodhani. Labda ningemsomea hiyo hiyo. Labda angecheka tu, akasema sawa. Nilimnyima baba yangu mwenyewe nafasi ya kuisikia sauti yako. Halafu nawaza lililo baya zaidi. Alikuwa anasikia hata kalamu. Inawezekana alijua muda wote kwamba nampumbaza, akanyamaza, kila Jumapili akakaa pale na koti lake akimsikiliza mwanawe akimdanganya mbele za watu. Nikifikiria hivyo nashindwa hata kushika wembe.

Mwalimu nimemuuliza, akasema yeye huja kusoma gazeti tu.

Watu wote wananipa maneno matamu, siyataki. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe huandiki kitu bila shahidi. Alijua?

Wembe.


5 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefika salama, nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa nakwenda kazini, napanda ngazi, nafungua droo, halafu nasahau nilifuata neno gani.

La pazia litue leo. Nilimuuliza daktari siku ile ile, ulipokuwa nje unapokea watu. Aliniambia Baba aliondoka usingizini, mapema, na hata ungekuwa umekaa kitandani pake usingejua. Alitaka kulala kidogo na wewe ukamwachia. Hakuna zaidi ya hapo, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kadi ya branchi imeondoka mezani kwangu Ijumaa. Nakunakilia ilivyo, ili siku kamusi ikitoka umwonyeshe yule mteja wako:

Branchi. Mlo mmoja unaoliwa asubuhi ikishapevuka, badala ya brekfasti na lanchi. Asili: Kiingereza, maneno mawili yameungwa. Mfano: Lala kidogo, mwanangu, branchi haijaiva.

Jina lake halimo. Kamusi haina pa kuweka majina ya watu, na neno ni la wenyewe. Lakini hiyo sentensi ni yake, hakuna aliyewahi kuisema kabla yake, na itasomwa na watoto wasiotujua. Mkuu aliisoma kadi. Akasema mfano huu ni mzuri, unasikika kama nyumba yenye chakula. Nikamwambia ndiyo. Mstari wa shahidi una barua yenye tarehe, hakuirudisha.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo wiki mbili, nimeipitia kila barua niliyonayo ya Baba, mstari kwa mstari, kama ninavyofanya kazini.

Hakujua. Ulisoma vizuri.

Dada yako.